Tenda Wema, Kisha Baki

"Tenda wema nenda zako" hufundishwa darasani, huandikwa kwenye kanga na kurudiwa mimbarini kana kwamba ndilo neno la mwisho kuhusu kuishi na watu. Juu ya methali hiyo imejengeka imani ambayo karibu kila mtu huikubali bila kuihoji: kwamba wema ni mali ya moyo wa mtu mmoja mmoja, ama anao ama hana, kwamba hutoka pale moyo unapoguswa, na kwamba ukishatoka, mtendaji hana tena kazi mahali hapo. Kwa imani hiyo, watu wakigawanyika na maisha yakiwa makali, kilichopungua ni roho nzuri, na dawa yake ni mawaidha. Imani hii ni ya uongo. Huwasifu wasiostahili sifa, huwaacha bila jina wale wanaobeba maisha ya wenzao kila siku, na damu inapomwagika huwapa wenye mamlaka kisingizio.

Lumuma ni mahali pazuri pa kuipima. Ni bonde la milimani magharibi mwa Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kwenye safu za Rubeho, nchi ya Wasagara. Jina hilo lina kata mbili: moja ni ya Kilosa, nyingine iko ng'ambo ya mpaka wa mkoa, wilayani Mpwapwa, Dodoma. Ramani imeugawa ujirani, lakini mto ni ule ule. Maji ya Lumuma huingia Mkondoa, Mkondoa hupita mjini Kilosa, na mwisho wa safari huingia Wami na kumwagika Bahari ya Hindi. Watu wa bonde hili hulima mahindi na maharage, na kwa mifereji hulima vitunguu, zao linalowaletea fedha. Anayeishi hapa hana "zake" za kwendea. Aliyemsaidia asubuhi atakutana naye mferejini jioni, dukani kesho, na msibani wiki ijayo. Wema wa mpita njia, ule wa kutupa sarafu na kuendelea na safari, haumsaidii mtu ambaye hana safari.

Kitunguu kina mizizi mifupi. Kikikosa maji wakati kinajaza hakisubiri. Hubaki kidogo kama ndimu na bei yake huanguka. Ndiyo maana, kwenye kilimo cha mifereji, swali la nani mwema na nani mbaya huulizwa saa nane ya usiku, kwenye tundu la kuingizia maji shambani. Mtu mmoja yuko pale na tochi na jembe, miguu imezama matopeni. Ameziba mlango wa shamba la juu kwa mfuko wa mchanga, majani na udongo, na sasa anasikiliza. Maji hayafiki mara moja. Hutangulia mlio mdogo gizani, halafu ulimi mwembamba unaosukuma majani makavu mbele yake, ukisimama kila penye ufa mpaka ufa ushibe. Sehemu ya mwanzo ya zamu yake huliwa na mfereji mkavu wenyewe. Mtu wa juu akitoboa tundu la ukubwa wa ngumi tu, majaruba ya mwisho hayatalowa, na kunapokucha hapatakuwa na ushahidi ila udongo mkavu.

Sasa tuseme mkulima wa shamba la pili amelazwa hospitalini na zamu yake imeangukia usiku huo. Jirani anaamka badala yake, anafungua, anazungusha maji jaruba kwa jaruba, anaziba, anarudi kulala alfajiri. Kila mtu atauita huo wema, na ni kweli. Lakini uliwezekana kwa sababu zamu ya mgonjwa ilijulikana: siku yake, saa yake, mlango wake. Mahali ambapo maji ni ya mwenye nguvu, hata mwenye huruma kuliko wote hana cha kumtunzia mgonjwa. Akimgeuzia maji, anamnyang'anya mwingine. Huruma isiyo na zamu haina mahali pa kushika.

Wanaoilinda zamu hiyo ni watu wa kamati ya maji. Ndio wanaotembea mfereji mzima kutafuta matundu, wanaowaita watu kuzoa tope na kukata nyasi, na kumtoza faini asiyefika. Mtaani hakuna anayewaita wenye roho nzuri. Huitwa wakali, wakati mwingine wanoko. Sifa za wema huenda kwa mtu mkubwa anayefungua mkoba kwenye harambee mara moja kwa mwaka, hata kama mashine yake huvuta maji usiku nje ya zamu. Huu ni udhalimu wa wazi, na umetokana moja kwa moja na kuamini kwamba wema ni kile kinachogusa moyo.

Jambo hili halihusu Lumuma peke yake. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza maji, misitu na malisho ya pamoja kwa karne nyingi bila kuangamizana. Katika kitabu chake cha 1990 alieleza kilichozifanya zidumu: mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na wanaozitumia, waangalizi wanaowajibika kwa wenzao, adhabu zinazoanza ndogo na kupanda, na mahali pa karibu pa kumaliza ugomvi. Mojawapo ya mifano yake ni mifereji ya Valencia, Hispania, ambako mpaka leo baraza la maji hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni mwa kanisa kuu na kuamua mashauri kwa mdomo, papo hapo. Wakulima wa Valencia hawakupewa mioyo tofauti na ya watu wengine. Walipewa Alhamisi.

Hata moyo wenyewe ukipimwa, hautoi majibu yanayotarajiwa. Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi wa theolojia. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba, na njiani alimpita mtu aliyejikunyata akikohoa na kugumia. Baadhi walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari ya Msamaria mwema. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Kilicholeta tofauti ni muda: kati ya walioambiwa wana nafasi, 63 kwa mia walisimama kusaidia, na kati ya walioambiwa wamechelewa, 10 kwa mia tu. Hawa walikuwa watu waliochagua kazi ya kuhubiri huruma. Mwenye kutaka wenzake wasaidiane na aanze kwa kuuliza nani amewanyima nafasi, kabla ya kuilaumu mioyo yao.

Imani hiyo hudhuru zaidi siku ya mauzo. Vitunguu vimekauka, mnunuzi amefika na lori, na bei inatajwa kwa gunia. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa kilemba: kipande kingine cha gunia au wavu hushonewa juu na kujazwa tena mpaka mzigo uwe na kichwa na mabega. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura 340, na kanuni zake zinakataza mazao ya shamba kufungashwa kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukikemea lumbesa mwaka hadi mwaka. Lakini shambani mara nyingi mizani haipo, na aliyelima hawezi kubishana na kilo asizoziona. Kila gunia likizidi kilo 30 tu, magunia 40 yamebeba kilo 1,200 ambazo hakuna aliyezilipia.

Mnunuzi huyo huyo anaweza kuwa mtu wa watu. Huwakopesha wazazi ada, humpakia mgonjwa kwenye lori lake bila nauli, na msibani huchangia kuliko wote. Kijiji humwita mwema, na yeye mwenyewe huamini hivyo kwa dhati. Imani ya wema wa moyo haina njia ya kumwambia kwamba anarudisha kidogo cha kile alichochukua, kwa kuwa inatazama mkono unaotoa na kuufumbia macho mkono unaopima. Mizani iliyowekwa mahali pa wazi, ambayo mkulima anaweza kuisoma mwenyewe, ina huruma kuliko michango yote ya lori hilo. Anayeisimamia bila kupokea kitu kidogo anawasaidia wajane wengi zaidi ya yule anayewagawia sukari.

Mfano wenye nguvu kuliko yote wa wema wa zamu ni msiba. Katika vijiji vingi vya Tanzania kuna chama cha kufa na kuzikana, chenye daftari, mweka hazina na kiwango cha mchango. Kila kaya inajua zamu ya kuni, ya maji, ya kuchimba kaburi. Watu wa mjini wakati mwingine huuona utaratibu huo kuwa baridi: vipi mtu atozwe faini kwa kutokuja kulia? Hawajaona thamani yake. Penye daftari, marehemu aliyekuwa mgomvi, mlevi au mgeni asiye na ndugu huzikwa kwa heshima ile ile, na aliyegombana naye mpaka wa shamba huchukua sepetu na kuingia kaburini, kwa sababu ni zamu yake. Ingeachiwa mioyo, wangezikwa vizuri waliopendwa tu.

Wazee wa nchi hii waliuelewa ukweli huo kabla ya kuwapo daftari. Utani uligawa kazi za msiba kwa watu ambao wasingeweza kuzikwepa. Thomas Beidelman, aliyeanza kufanya utafiti Ukaguru, jirani na Usagara, mwaka 1957, aliandika kwa kirefu juu ya koo zinazotaniana na wajibu wao mbele ya kifo. Kabla yake R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, alikuwa amekusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanganyika katika miaka ya 1940. Mtani hufika msibani akidai, akikejeli, akiigiza marehemu mbele ya wafiwa mpaka wanacheka huku machozi yanawatoka, na wakati huo huo hufanya kazi ambazo ndugu wa damu hawaziwezi siku hiyo. Hakuna anayemuuliza kama alimpenda marehemu. Cheo chake kinatosha.

Watetezi wa methali wana hoja moja ya kweli. Wanasema imewekwa kuzuia majivuno: anayetenda wema na kusimama hapo akingoja shukrani ameugeuza kuwa biashara, na dini zote kuu za nchi hii zinaonya dhidi ya sadaka ya kuonekana. Kwa hilo methali ina haki. Shukrani zisingojwe. Lakini kutongoja shukrani ni jambo moja, na kuondoka ni jambo jingine kabisa. Anayeondoka humwacha aliyesaidiwa na mzigo: amepokea, hana njia ya kurudisha, na kila amwonapo mfadhili wake hushusha macho. Mfaransa Marcel Mauss aliandika katika miaka ya 1920 kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa kurudisha, na asiyepewa nafasi ya kurudisha hushushwa hadhi. Kiswahili kilikuwa na jibu lake tayari: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza maana ya ujamaa. Wengi huisoma kama karipio kwa wavivu. Inafaa pia kusomwa kutoka upande wa mgeni. Jembe linamtoa kwenye mkeka wa kulishwa na kumweka kwenye mstari wa walimaji, ambako kesho naye ataombwa msaada. Huo ni ukarimu mkubwa kuliko wali wa siku mbili.

Jaribio gumu la imani ya wema wa moyo ni uhasama kati ya wakulima na wafugaji. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Oktoba 2008 wengine wanane waliuawa katika mapigano mapya wilayani humo, na mapema mwaka uliofuata ilipita operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao. Baada ya kila tukio husikika maneno yale yale: haya makabila yana chuki za asili, mioyo ya watu imekufa, wapendane. Maneno hayo yana utu ndani yake, lakini yanaficha sababu. Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walioyachunguza mauaji ya Kilosa na kuandika mwaka 2009, walionyesha mkono wa sera zilizowasukuma wafugaji pembeni na, zaidi ya hapo, rushwa: pande zote mbili zilikuwa zimepoteza imani kwamba shauri likipelekwa mbele litaamuliwa kwa haki. Ng'ombe wakiingia shambani na mwenye shamba akijua kwamba kesi itanunuliwa, hashiki kalamu, hushika panga. Mfugaji naye akijua kwamba atatozwa kwa hasara asiyoisababisha, hashuki bondeni peke yake tena.

Chuki ya asili ingekuwa kweli, pande hizi zisingekuwa na historia yoyote nyingine. Mwaka 1961 Beidelman aliandika juu ya vilabu vya pombe vya Ukaguru, ambako Wakaguru wakulima na Wabaraguyu wafugaji walikunywa pamoja hata pale wizi wa ng'ombe ulipowafarakanisha. Mahali pengi nchini, baada ya mavuno, mifugo huingia mashambani kula mabua na kuacha samadi, na maziwa hubadilishwa kwa mahindi. Makubaliano hayo hudumu yanapokuwa na masharti yanayotamkika: siku gani mifugo iingie, ipite njia ipi, inywe wapi bila kuvunja kingo za mfereji, na nani alipe kitunguu kikikanyagwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imekipa kila kijiji baraza la ardhi la wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kwa ajili ya kusuluhisha ugomvi wa namna hii. Kiti cha mbao cha mjumbe wa baraza hilo, kwenye ofisi ya kijiji, ndipo huruma ya Kilosa inapoishi au inapofia. Mjumbe anayekataa bahasha kutoka kwa mfugaji mwenye ng'ombe mia tano, na kukataa pia kumkomoa mfugaji asiye na mtu kijijini, amezuia mazishi ambayo hakuna atakayeyahesabu.

Utaratibu nao unaweza kuwa katili, na hili lazima lisemwe waziwazi. Orodha ya zamu huweza kuwa na majina ya wenye mashamba tu, na kumwacha nje mwanamke aliyekodi robo ekari na kuilima kwa mkono wake. Kamati huweza kutekwa na ukoo mmoja. Daftari la msiba huweza kumfuta kibarua kwa sababu hakulipa miezi mitatu aliyokuwa mgonjwa. Hapa ndipo moyo unapokuwa na kazi yake halali: kuona nani hayumo, kisha kusimama mkutanoni na kudai jina lake liandikwe. Anayempa kibarua huyo elfu mbili na kwenda zake amejiondolea aibu ya siku moja. Anayebaki mpaka jina lirudi daftarini hupoteza jioni nzima, hugombana na mwenyekiti, na pengine hanunuliwi tena mbogamboga na nusu ya kitongoji.

Mto unaipeleka hoja hii mbali zaidi ya uso wa jirani. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja kingo zake Kilosa. Zaidi ya watu 20,000 walipoteza makazi na Reli ya Kati ikakatika. Nchi ilisikitika, misaada ikaja, mahema yakasimama. Lakini tope linalojaza kitanda cha mto na kuyatoa maji njiani hutoka juu, kwenye miteremko iliyolimwa na kingo zilizofyekwa za mito kama Lumuma. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za ukingo. Mita hizo 60 ndizo zenye unyevu wakati wa kiangazi, na kwa mtu mwenye ekari moja bondeni zinaweza kuwa shamba lake lote. Anayeziacha anampa usalama mtu wa Kilosa asiyemjua na ambaye hatamshukuru kamwe. Na analazimika kumpa tena msimu ujao, na ule unaofuata, kwa maana ukingo uliotunzwa miaka tisa huharibiwa kwa mwaka mmoja wa bei nzuri ya vitunguu. Kumtaka aubebe mzigo huo peke yake kwa jina la roho nzuri ni kumdhulumu. Gharama yake inastahili kuwa na fungu katika bajeti ya Halmashauri ya Kilosa na ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na fungu hilo liamuliwe kwenye kikao ambacho watu wa Lumuma zote mbili, ya Morogoro na ya Dodoma, wamekaa pamoja na watu wa Kilosa mjini, kabla ya mvua.